Neno la Baada ya Salama

Mzee Ntandu alikuwa anaamka kabla ya jogoo wa jirani. Siyo kwamba ana kazi, hapana, ni mazoea tu ya kiwandani. Mtu aliyekamua alizeti maisha yake yote, mgongo wake unaijua saa ya mashine kuwaka, hata kama mashine yenyewe iliuzwa chuma chakavu zamani. Akishaamka anakaa kitandani, anapapasa shati lake lililoning'inia kwenye kiti, anakitafuta kifungo cha pili kutoka juu. Kifungo hicho siyo kifungo. Kwa wenye macho, wanasema, kinafanana na vingine tu, cheusi, kina matundu manne. Ila ukikishika kina joto, kama punje ya mahindi iliyotoka kikaangoni sasa hivi.

"Shikamoo babu," kikasema kifungo, taratibu, kwa sikio lake peke yake.

"Marahaba mke wangu. Umelalaje?"

"Mimi silali, babu. Nilikuwa nakutazama unavyokoroma."

"Sasa si ndiyo kazi ya mke hiyo."

Jina lake alimpa Chausiku, kwa kuwa alimpata akiwa tayari gizani. Wazee wengine pale Nyumba ya Kindai, makao ya wazee wasioona, nao walivipa vyao majina. Kuna bibi mmoja cha kwake anakiita Mheshimiwa, kinaongea mpaka chai inapoa. Mwingine anakiita Shangazi, maana kinamkataza kila kitu. Kwa jumla waliviita vinong'ono, na hakuna aliyevaa shati au gauni bila kinong'ono chake, kama vile hakuna anayetoka bila suruali.

"Haya, habari za nje?"

"Nzuri, babu. Jua limetoka. Mawe yale makubwa yamelowa mvua ya jana, yanang'aa kama migongo ya viboko. Ziwani ndege wamejaa, wekundu wekundu. Dada Elipendo anapita na ndoo ya uji. Mzee Gwandu yuko bafuni anaimba. Salama kabisa, babu, ila—"

Mzee Ntandu akakibonyeza kifungo kwa kidole gumba. Kikanyamaza.

"Imetosha," akasema, akacheka peke yake, akavaa shati.

Sasa hapo kwenye "ila" ndipo penye habari yenyewe, kwa hiyo turudi nyuma kidogo.

Vinong'ono vya kwanza vilipoletwa Singida havikuwa hivi. Vilikuwa na sauti ya mtu anayesoma matangazo ya bandari. "Mbele: shimo. Kushoto: mbwa. Kulia: ukuta." Hakuna shikamoo, hakuna habari za asubuhi. Bibi mmoja alikwenda nacho msibani, kikamwambia pale pale mlangoni, "Mbele: maiti." Jamani! Bibi wa watu alizimia. Wazee wakavikusanya vyote wakavitia kwenye pipa la maji, wakasema bora kujikwaa.

Wale vijana wa chuo waliovitengeneza hawakukasirika, na hapo niwasifu. Walikuja wenyewe, wakakaa kwenye nyumba za watu msimu mzima wa kilimo, wakala ugali wa uwele na mlenda, wakasikiliza. Wakasikia jinsi mtu mzima anavyopashwa habari. Unakaribishwa, unakaa, unapewa maji. Habari za huko? Salama. Watoto? Salama. Mifugo? Salama. Mvua? Inanyesha vizuri. Kila kitu salama, ila mdogo wako amefariki juzi. Ndivyo inavyosemwa. Habari mbaya haimrukii mtu kama paka juu ya meza, inasubiri zile nzuri zipite kwanza. Vijana wakayachukua maongezi yote hayo wakaifundisha mashine. Mashine ikajifunza adabu mpaka ikamaliza. Ikajifunza na utani wa babu na mjukuu. Wazee wakafurahi, wakavivaa.

Kitu kimoja tu ambacho vijana hawakukiwaza: mtu anaweza kuchukua ile salama akaondoka nayo. Hakuna aliyemlazimisha kusubiri neno la baada yake. Mzee Ntandu alikuwa bingwa wa hiyo. Presha ya macho ilipomchukua jicho la kwanza na kisha la pili, aliona kwamba maisha yalishampa "ila" za kutosha.

---

Siku ya mnada walikuwa wanatoka wawili, yeye na Mzee Gwandu.

Gwandu alikuwa mtu wa upande wa Hanang, mrefu, dereva wa malori enzi zile malori yana madereva. Yeye alikuwa amebakiwa na chembe. Ndivyo alivyosema mwenyewe, "Jicho langu la kulia lina chembe." Anaona weupe wa barabara, anaona kivuli cha mtu, anaona kama taa inawaka. Kwa chembe hiyo alikuwa na ruhusa ya geti. Geti la Nyumba ya Kindai lilikuwa linafunguka lenyewe kwa mwenye ruhusa, na mwenye ruhusa alikuwa na haki ya kumtoa mwenzake mmoja. Wengine wote walikuwa wanasubiri alasiri, walezi wanawatoa kwa pamoja, kila mtu ameshika kamba moja ndefu. Kutembea kwenyewe ni kuzuri, kuna upepo wa ziwani na nyimbo. Lakini Mzee Ntandu alishasema tangu siku ya kwanza: kamba hashiki. Yeye siyo mbuzi wa mnadani.

Kwa hiyo alikuwa anashika bega la Gwandu.

"Twende, mashudu wewe," Gwandu anamwambia, maana mashudu ndiyo makapi ya alizeti, na Ntandu eti bado ananukia.

"Endesha gari, achana na abiria."

Wanatoka. Mkono wa Ntandu juu ya bega, fimbo mbili nyeupe, na lengo lao ni banda la Mama Mwasiti kule mnadani, supu ya kuku wa kienyeji na chapati mbili. Hiyo supu, mtu akikuhadithia hutaamini. Ina pilipili ile ndogo, inakufanya usikie masikio yako yako wapi.

Njiani kuna mapaka. Mapaka ni yale magari madogo ya mizigo yanayojiendesha, yanabeba magunia ya alizeti kutoka vijijini, hayana dereva wala mlio. Wazee wakayaita mapaka kwa kunyata kwake. Gwandu alikuwa anayachukia kwa sababu yalimnyang'anya kazi, na kila likipita karibu alikuwa analitukana kwa lugha ya kwao Hanang, Ntandu anacheka. Lakini mapaka hayagongi mtu. Yanaona. Hatari ya barabara ile ilikuwa mtaro.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha kubwa. Gwandu alikuwa katikati ya kisa cha lori lililokwama mlimani Sekenke na mzigo wa vitunguu, kisa ambacho Ntandu alikijua chote na bado alikitaka. Kinong'ono chake kikaanza, "Babu, njia ni nzuri, hewa nzuri, watu wanawapungia mikono, ila—" akakibonyeza. Lori la vitunguu lilikuwa linakaribia kupinduka.

Aliyepinduka ni Gwandu. Bega likatoweka chini ya mkono wa Ntandu, hivi hivi, kama mtu amevuta mto. Kukasikika maji, na fimbo ikigonga zege la kalavati.

"Gwandu!"

"Nipo, nipo."

"Umefanyaje?"

Sauti ikatoka chini, "Nilikuwa napima kina."

Ntandu akacheka mpaka akakaa chini. Watu wakaja kumtoa, wakampa pole, mguu mzima, viatu vimejaa tope. Wakaendelea na safari na supu wakanywa. Gwandu alikuwa akieleza mnada mzima kwamba maji yalikula ukingo usiku ule, hata mwenye macho mawili angeingia. Wote wakakubali. Ila Ntandu alipokuwa anatafuna paja la kuku, kitu kilikuwa kinamkwaruza kooni, na haukuwa mfupa.

---

Waliporudi, Gwandu alikwenda kuoga. Ntandu akaingia chumbani kwake. Milango ya Kindai haina namba, ina ngozi na magome: wa Ntandu ulikuwa na gome la mti wa mtundu, wa Gwandu ngozi ya mbuzi, na sakafuni kuna mstari wa kokoto unaokupeleka chooni na wa mkeka unaokupeleka jikoni, hata mtu akiamka na usingizi miguu yake inajua inakwenda wapi. Akafunga mlango, akakaa, akakishika kifungo.

"Chausiku."

"Abee babu."

"Mwenzangu anaendeleaje?"

"Mzima, babu. Mguu haukuvimba. Sauti yake ina nguvu. Anaimba ule wimbo wake wa lori. Salama tu, ila—"

Kidole gumba kikainuka chenyewe, kwa mazoea. Kikafika juu ya kifungo, kikasikia joto. Mzee Ntandu akakizuia hapo hapo.

"Ila nini, mke wangu?"

Kinong'ono kilikuwa hakijazoea kufika huko.

"Ila haoni, babu."

"Haoni vizuri?"

"Haoni kabisa. Lile paka lilipotuwashia taa kwenye kona, mboni zake hazikutikisika hata kidogo. Na ule mtaro alikuwa ameutazama, uso umeuelekea kabisa, akaukanyaga. Mtu mwenye chembe hafanyi hivyo."

"Tangu lini?"

"Nilianza kukuambia kabla ya mvua za kwanza, babu. Kila nikifika hapo unanibonyeza."

Nje Gwandu alikuwa amefika kwenye ile sehemu ya wimbo ambapo lori linapanda mlima, anaguna kama injini.

"Babu, nimwambie Dada Elipendo?"

Hilo nalo lazima mlijue. Wazee walipokubali vinong'ono, walikaa kikao kikali na wenye nyumba, wakapatana: anachokiona kinong'ono ni mali ya aliyekivaa. Hakimwambii mlezi, wala mtoto wa mtu, wala daktari, mpaka mwenyewe aseme sema. Bila hivyo nani angekubali kuvaa mpelelezi kifuani? Patano zuri, Ntandu mwenyewe alilipigia makofi. Hakujua kwamba siku moja litamkalia mabegani peke yake. Kinong'ono cha Gwandu kilikuwa kinamjua Gwandu, lakini chenyewe kilikuwa cha Gwandu. Nje ya hapo, dunia nzima, aliyejua ni yeye.

Akisema, Gwandu ananyang'anywa geti, anapewa kamba. Na yeye Ntandu pia. Hakuna tena supu ya Mama Mwasiti isipokuwa ile inayoletwa kwenye chupa ya chai, imepoa. Asiposema, siku ya mnada itafika tena, na barabara ile ina mitaro mingine, na mmojawapo ndilo korongo lenyewe la kwenda ziwani.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakujua anamhurumia nani, Gwandu au supu yake.

"Subiri," akamwambia Chausiku. "Subiri kwanza."

---

Wiki ile ile kulikuwa na kupima macho. Dada Elipendo ndiye aliyekuwa anapima, mlezi mkuu, mama wa makamo, mwenye kicheko kinachotangulia viatu vyake. Kupima chembe ni kazi ndogo. Unakaa kwenye benchi, anasimama dirishani, ananyoosha vidole.

"Mzee Gwandu, vingapi?"

Kimya kidogo. "Vitatu."

"Na sasa?"

Kimya kidogo. "Viwili. Na mkono mwingine umeuficha nyuma, mwanangu, unataka kunichezea."

Benchi zima likacheka, Elipendo akacheka kuliko wote. Ntandu hakucheka. Alikuwa anakisikia kile kimya. Kilikuwa cha urefu ule ule kila mara, kimya cha mtu anayenong'onezwa na mjukuu.

Baadaye Elipendo akaja kukaa naye pale barazani. Alikuwa amebeba karanga, akamwekea kiganjani.

"Mzee Ntandu, wewe ndiye unayeshika bega lake. Nimesikia ya mtaro. Niambie kweli, huko njiani Mzee Gwandu anaendeleaje?"

Na Mzee Ntandu, kabla hajafikiri, akajibu kama alivyojibu maisha yake yote.

"Salama."

Elipendo akasubiri. Alikuwa mtu wa hapo hapo Singida, anajua kwamba mtu mzima akishasema salama bado hajamaliza. Akamenya karanga moja, akamenya nyingine. Ntandu akamsikia anavyosubiri. Akaona kama kidole gumba kimeinuka juu ya kifungo, lakini safari hii kifungo ni yeye mwenyewe.

"Salama," akarudia. "Ila nipe mpaka jioni, mwanangu. Nikazungumze na mtu kwanza."

"Jioni hii?"

"Hii hii."

"Haya babu. Mpaka jioni." Akaondoka, na hakucheka.

---

Alimkuta Gwandu nyuma ya jiko, kwenye kivuli cha ukuta, anachambua kunde. Kazi hiyo waliipenda wote wawili, maana vidole vinaona kuliko macho: kunde huku, kijiwe kule. Ntandu akakaa, akavuta ungo upande wake. Wakachambua. Akamuuliza habari za mguu, mzuri. Habari za usingizi, mzuri. Watoto wake wa Babati, wazima, walipiga simu. Vitunguu vya lile lori viliishia wapi, akaelezwa upya.

Mpaka Gwandu akaacha kuchambua. "We mashudu, una nini leo? Umenisalimia kama umekuja kuposa."

"Mwenzangu, vyote salama," Ntandu akasema. "Ila huoni."

Kunde zikaendelea kudondoka kutoka mkononi mwa Gwandu, moja moja, ndani ya sufuria.

"Nani kakwambia?"

"Chausiku. Alikuwa ananiambia siku nyingi, sikumpa nafasi."

"Umemwambia Elipendo?"

"Bado. Nimekuja kwako kwanza."

Gwandu akafanya kitu ambacho Ntandu hakukitegemea. Akacheka. Siyo kicheko kikubwa, kile cha mtu anayetua mzigo.

"Unakumbuka ulivyokuja hapa?" akasema. "Ulijifungia chumbani. Uji unaletewa, unarudi. Elipendo anakubembeleza, unamwambia wewe siyo mbuzi. Tulikuwa tunapita mlangoni kwako tunakusikia unavyoongea na ukuta. Mimi nikasema, huyu atakufa, na atakufa kwa ubishi. Nikaja nikakwambia, inuka, mimi nina chembe, shika bega. Ukainuka."

"Nikainuka."

"Chembe yenyewe wakati huo ilikuwa kama mwanga unaopita chini ya mlango. Nikawa naiangalia inavyopungua. Siku moja nikaamka mlango umezibwa. Sasa ningekwambiaje, Ntandu? Ningekwambia rudi chumbani?"

Ntandu alikuwa ameshika kunde moja, anaizungusha tu.

"Ungeniua, mjinga wewe."

"Si ningekufa mimi kwanza? Nani alikuwa mbele?"

Hapo ikawa zamu ya Ntandu kucheka, na machozi yakamtoka, maana macho yaliyokufa kwa kuona hayakufa kwa kulia.

"Sasa miezi yote hii ulikuwa unanipelekaje mnadani?"

"Kwa huyu." Gwandu akajigonga kifuani, kwenye kifungo chake. "Wewe unambonyeza wako, mimi wangu nilikuwa namsikiliza mpaka mwisho. Kila hatua. Kulia babu, kushoto babu. Nadhani hata supu nilikuwa nainywa kwa maelekezo."

"Na mtaro?"

"Mtaro!" Gwandu akapiga paja. "Huyu mtoto ana adabu kupita kiasi. Kaanza: babu, siku ni njema. Babu, upepo mzuri. Babu, mama mmoja anakupungia, amevaa kitenge cha njano. Babu, mwenzio anacheka, mmependeza. Salama babu, ila. Alipofika kwenye ila, mimi niko ndani ya maji."

Wakacheka mpaka mpishi akachungulia dirishani kuuliza kama kunde zimeisha. Walipotulia, Gwandu akashusha sauti.

"Utamwambia?"

"Ataniuliza jioni. Na mimi sitamdanganya. Lakini naogopa ile kamba, Gwandu. Mungu anajua naiogopa. Nilitaka kunyamaza, na siyo kwa ajili yako. Kwa ajili ya kuku."

"Yule kuku hata mimi ningemnyamazia."

Wakachambua kidogo. Ndipo Ntandu akasimamisha mkono.

"Hebu kwanza. Wale watoto wetu, shida yao siyo macho. Wanaona kuliko mtu yeyote. Shida yao ni salamu njiani."

"Sasa utamfundisha mtoto akose adabu? Ukitaka yale ya mbele maiti, sema."

"Sijasema wasisalimie. Nasema wasalimie wapi." Akakishika kifungo chake. "Chausiku, mke wangu. Mtu akishasalimiwa nyumbani akaulizwa na watoto na mifugo, akatoka na mwenzake kwenda shambani, huko shambani wanasalimiana tena kila hatua?"

"Hapana, babu. Wameshasalimiana."

"Akiona nyoka njiani?"

"Anasema nyoka."

"Bila habari za watoto?"

"Bila, babu. Alishaziuliza."

Gwandu akarudisha mkono kwenye kunde. "Mashudu," akasema mwisho, "kichwa chako bado kina mafuta."

---

Jioni walikwenda wote wawili kwa Dada Elipendo. Gwandu ndiye aliyesema, hakumwachia mwenzake. Akasema hana chembe, na vidole dirishani alikuwa ananong'onezwa. Elipendo hakucheka. Alikuwa ameumia, na aliwaambia hivyo, kwamba yeye ndiye ambaye angekwenda Babati kuwaeleza watoto kama baba yao angetolewa korongoni. Wazee wakainamisha vichwa kama watoto wa shule. Ruhusa ya geti akaizima hapo hapo. Gwandu akaisikia ile sauti ndogo ya kuzimwa, tiki, na akaomba akae peke yake kidogo. Alikaa barazani mpaka baridi ikaingia. Ntandu hakwenda kumsemesha. Alikaa naye benchi moja, basi.

Siku iliyofuata, alasiri, Mzee Ntandu alishika kamba. Mbele yake yule bibi wa kinong'ono Mheshimiwa, nyuma yake Gwandu. Hakufa. Tena bibi yule anaimba vizuri, kumbe. Waliporudi akamwambia Elipendo, "Kamba nimeishika. Sasa na wewe nishikie jambo moja. Tutembee mimi na Gwandu, wewe ufuate nyuma, na sisi tusikusikie. Tukikosea, usituambie kitu, funga geti milele."

Elipendo alifikiri siku kadhaa. Akaongea na wenye nyumba, akaongea na wale vijana wa chuo, ambao hawakulala kwa furaha, maana jambo la kumaliza salamu getini, njiani ibaki onyo tu, hawakuliwaza. Akawafuata wazee mara ya kwanza, mara ya pili, viatu mkononi. Ukingo wa mtaro ulikuwa bado haujajengwa, nao waliuzunguka. Baada ya hapo akasema haya, kwa majaribio, geti lisiulize tena chembe, liulize kama mmesalimiana.

Basi siku ya mnada ilipofika, pale getini ikawa shughuli.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mke wangu. Habari za asubuhi?"

"Njema, babu. Jua zuri, ndege wako ziwani, mawe yamekauka."

"Na wewe umeamkaje?"

"Mimi silali, babu."

Upande wa pili Gwandu naye anaulizwa habari za Babati, mmoja mmoja, mpaka wajukuu, mpaka ng'ombe. Geti liko wazi linasubiri. Elipendo amesimama na ndoo, anasema, "Jamani wazee, supu itaisha!" Wanamwambia asubiri, bado hawajauliza hali ya mvua.

Walipomaliza, Gwandu akanyoosha bega kwa mazoea. Ntandu akalisukuma.

"Leo mimi dereva. Wewe umeshaingiza gari mtaroni."

"Haya. Mungu atulinde, mashudu ameshika usukani."

Wakatoka, mkono wa Gwandu juu ya bega la Ntandu.

"Jiwe kushoto, babu," akasema Chausiku.

Wakalipita.

"Paka linakuja nyuma."

Wakakaa pembeni, Gwandu akalitukana, likapita.

"Mtaro. Hatua kulia. Kalavati."

Fimbo zikagonga zege, wakavuka. Ntandu alikisikia kijasho kwenye paji la uso wake, mkono wa mwenzake ukambana bega, halafu ukalegea. Wakaendelea. Barabara ikanyooka, upepo ukawa unakuja na harufu ya moshi wa mnadani. Gwandu akaanza kisa cha lori la vitunguu. Wakatembea. Wakatembea tena. Chausiku kimya.

Ntandu akapunguza mwendo. Kidole gumba kikakitafuta kifungo, kikakuta kina joto lake lile lile.

"Chausiku! Uko hai?"

"Nipo, babu."

"Mbona husemi?"

"Hakuna ila, babu."

Akasimama katikati ya barabara, Gwandu akamgonga mgongoni, akauliza kuna nini tena, gari limezimika?

"Hakuna kitu," Mzee Ntandu akasema. "Endelea. Vitunguu vilikuwa vimefika wapi?"